Malcolm X: Mwanaharakati aliyefichua hila za magazeti na picha

USIKU wa kuamkia Jumapili, Februari 14, 1965, nyumba ya Malcolm X katika mtaa wa East Elmhurst jijini New York ilirushiwa mabomu ya petroli. Ndani ya nyumba hiyo mlikuwa na mkewe Betty, aliyekuwa mja mzito, pamoja na binti zao wanne ambao mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka sita pekee. Familia hiyo iliponea chupuchupu, ikakimbilia nje kwenye baridi kali ya msimu wa kipupwe huku moto ukiteketeza vyumba.

Muda si muda uvumi ulianza kuenea kwamba mwenye nyumba ndiye aliyeitia moto ili ajitafutie umaarufu. Mahasimu wake katika kundi la Nation of Islam, alilokuwa amelihama mwaka uliotangulia, ndio waliolitoa dai hilo, na magazeti yakalichapisha. Mtu aliyenusurika kuuawa akajikuta akijitetea kama mshukiwa.

Siku iyo hiyo, Malcolm aliabiri ndege hadi Detroit ambako alikuwa ameahidi kuhutubia. Hakuutumia muda wake mwingi kuulilia moto uliomkosakosa. Alizungumzia sura ya Afrika iliyochorwa na wakoloni, na jinsi watu weusi wa Marekani walivyofunzwa kuichukia Afrika hadi wakajichukia wenyewe. Juma moja baadaye alikuwa maiti.

Wengi humkumbuka Malcolm X kwa ukali wa ulimi wake na kwa msimamo wake kwamba mtu mweusi ana haki ya kujilinda anaposhambuliwa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa vita dhidi ya habari za upotoshaji. Aliwafunza wasikilizaji wake kulisoma gazeti kwa jicho la shaka: wajiulize ni nani aliyepewa jina la mhalifu na ni nani aliyempa jina hilo, ni maiti zipi zilizohesabiwa na ni zipi zilizoachwa bila kutajwa.

Malcolm alizaliwa Mei 19, 1925, mjini Omaha, jimbo la Nebraska, akaitwa Malcolm Little. Babake, Earl Little, alikuwa mhubiri wa Kibaptisti kutoka jimbo la Georgia. Mamake, Louise, alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Grenada. Wawili hao walikuwa wafuasi sugu wa Marcus Garvey, Mjamaika aliyeanzisha chama cha UNIA na kuwahimiza watu weusi kote duniani wajivunie asili yao.

Garvey alikuwa na gazeti lake, Negro World, na Louise Little alikuwa mmoja wa waliolipelekea habari. Akiwa katibu wa tawi la chama mjini Omaha, aliandika taarifa za mikutano na kuzituma makao makuu ili zichapishwe. Kwa hivyo Malcolm alizaliwa katika nyumba ambamo gazeti la watu weusi lilisomwa na kuandikiwa.

Gazeti hilo lilifika hata Kenya. Mwanahistoria C.L.R. James aliandika kwamba Jomo Kenyatta alimsimulia jinsi wazalendo wa Kenya mnamo mwaka wa 1921, ambao hawakujua kusoma, walivyokuwa wakimzunguka msomaji wa Negro World na kusikiliza makala mara mbili tatu. Kisha walitawanyika kupitia msituni kwenda kuwasimulia wengine neno kwa neno. Hivyo miaka minne kabla Malcolm hajazaliwa, gazeti ambalo mamake angeliandikia lilikuwa tayari limekaririwa katika vijiji vya nchi hii.

Utoto wake uligubikwa na majonzi. Mnamo 1929 nyumba yao karibu na mji wa Lansing, Michigan, iliteketea, na familia ikaamini kwamba wazungu wabaguzi ndio walioichoma. Mwaka wa 1931 babake alifariki baada ya kukanyagwa na gari la reli la mjini. Wakuu walisema ilikuwa ajali. Jamaa zake hawakuwahi kukubali. Mamake alielemewa na dhiki ya kulea watoto peke yake, na mwaka wa 1939 akalazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili alikokaa kwa zaidi ya miaka 20.

Malcolm alipelekwa kulelewa katika mji wa Mason, ambako karibu wanafunzi wenzake wote walikuwa wazungu. Aling'ara darasani. Lakini alipomwambia mwalimu wake kwamba angependa kuwa wakili, mwalimu alimshauri aachane na ndoto hiyo isiyomfaa mtu wa rangi yake na badala yake awe seremala.

Katika mji huo huo alitazama filamu ya Gone with the Wind, iliyotolewa mwaka wa 1939 na kusifiwa kote Marekani. Filamu hiyo iliwaonyesha watumwa weusi wa Kusini kama watu waliowapenda mabwana wao, na mmoja wao kama kijakazi mwoga asiye na akili, wa kuchekwa. Malcolm, aliyekuwa mtu mweusi pekee katika ukumbi huo, alisimulia baadaye kwamba aliona aibu mno akatamani kujificha chini ya zulia. Hakuna aliyemtukana. Picha ilitosha.

Mnamo 1941 alihamia Boston kwa dadake wa kambo, Ella, na baadaye akaingia Harlem, New York. Huko alijitosa katika anasa za vijana wa enzi hiyo: suti pana za kupepea, dansi za usiku kucha na nywele zilizonyooshwa kwa dawa ya magadi makali yaliyounguza ngozi ya kichwa. Miaka mingi baadaye, aliutaja unyooshaji huo wa nywele kuwa hatua yake ya kwanza kubwa ya kujidhalilisha. Kwa maoni yake, mtu aliyekubali kujichoma kichwa ili afanane na mzungu alikuwa amekwisha kuiamini picha iliyomwambia kwamba alivyoumbwa ni vibaya.

Anasa zilimfikisha kwenye uuzaji wa bangi, kamari na wizi. Mapema mwaka wa 1946, akiwa na umri wa miaka 20, alihukumiwa kifungo cha kati ya miaka minane na 10 kwa kuvunja nyumba na kuiba.

Gerezani ndiko alikopata elimu. Alinakili kamusi ukurasa baada ya ukurasa ili apate maneno ya kuandikia barua. Alipohamishiwa gereza la Norfolk mwaka wa 1948, lililokuwa na maktaba kubwa, alizisoma kazi za W.E.B. Du Bois na Carter G. Woodson miongoni mwa wengine, mara nyingi usiku kwa mwangaza hafifu wa taa ya ukumbini. Aligundua kwamba historia aliyofunzwa shuleni ilikuwa imemfuta mtu mweusi. Aidha, alishiriki mijadala ya wafungwa, na humo akajinoa ulimi ambao baadaye ungeitetemesha Marekani.

Nduguze walikuwa wamejiunga na Nation of Islam, kundi lililoongozwa na Elijah Muhammad, naye akawafuata. Alipoachiliwa huru mnamo Agosti 1952 aliliacha jina la Little, ambalo aliamini lilitokana na mabwana waliowamiliki mababu zake, akachukua herufi X kuwakilisha jina la Kiafrika lililopotea na ambalo hangeweza kulijua tena.

Mwaka wa 1954 alifanywa mhubiri wa hekalu nambari saba la Harlem. Kundi lililokuwa dogo na lisilojulikana lilianza kukua kwa kasi. Mnamo Aprili 1957, polisi walipompiga vibaya mfuasi mmoja na kumfungia seli, Malcolm aliwapanga waumini kimya mbele ya kituo hadi majeruhi alipopelekwa hospitalini. Gazeti la watu weusi la Amsterdam News liliripoti kisa hicho, na Harlem nzima ikamjua ni nani.

Wazungu walimjua miaka miwili baadaye, nao walimjua kupitia televisheni. Mnamo Julai 1959, kituo kimoja cha New York kilipeperusha kipindi cha sehemu tano kilichoitwa The Hate That Hate Produced, yaani chuki iliyozaliwa na chuki. Mtangazaji alikuwa Mike Wallace, na mwandishi mweusi Louis Lomax ndiye aliyefanya mahojiano. Kipindi kiliwaonyesha Waislamu hao kama jeshi la siri la wachukia wazungu lililokuwa likijiandaa mafichoni.

Malcolm hakukana kwamba mafundisho ya kundi lake yalikuwa makali. Alichouliza ni kwa nini Marekani, iliyokaa kimya kwa miongo mingi huku watu weusi wakinyongwa mitini na magenge ya wazungu, ilishtushwa ghafla na maneno ya mtu mweusi aliyesema hawapendi waliomnyonga. Kwa hoja hiyo alikuwa akiugeuza upande wa lawama: gazeti huanza hadithi pale linapotaka, na mwanzo huo ndio huamua ni nani mkosaji.

Ajabu ni kwamba kipindi hicho, badala ya kuwatia watu weusi hofu, kiliwafanya wengi watake kujua zaidi. Malcolm alialikwa redioni, kwenye televisheni na katika vyuo vikuu. Alijifunza haraka jinsi swali la mwandishi linavyoweza kuwa mtego, na akazoea kulikataa neno lililotumiwa kabla ya kulijibu swali lenyewe.

Hata hivyo, alijua kwamba kuhojiwa na gazeti la mwingine si sawa na kuwa na gazeti lako. Alikuwa ameandika safu katika magazeti ya watu weusi, na mwaka wa 1960 akawa msukumo mkuu wa kuanzishwa kwa Muhammad Speaks, gazeti la kundi lake. Vijana waliovalia suti nadhifu waliliuza mitaani, na kurasa zake zilibeba habari za ukombozi wa Afrika ambazo magazeti makubwa yalizipuuza au kuzipindua.

Kisa kilichomuuma zaidi kilitokea Los Angeles, Aprili 27, 1962. Polisi waliwapiga risasi Waislamu saba nje na ndani ya hekalu lao, na mmoja, Ronald Stokes, akafariki. Hakuwa na silaha. Magazeti ya mji huo yalichukua maelezo ya polisi na kulieleza tukio kama vita vya kufyatuliana risasi, nalo baraza lililochunguza kifo hicho likaamua kwamba mauaji yalikuwa halali. Malcolm alisafiri hadi huko, akaita waandishi wa habari na kuwaonyesha picha ya maiti.

Hapo pia ndipo alipofanya kosa lililomwandama hadi kaburini. Mnamo Juni 3, 1962, ndege iliyojaa wazungu ilianguka karibu na Paris na kuua watu 130, zaidi ya 100 wakiwa wakazi wa mji wa Atlanta. Malcolm aliushangilia hadharani msiba huo na kuuita jibu la Mungu kwa damu ya Stokes. Viongozi weusi wengi walimkemea. Magazeti ambayo hayakuwa na nafasi kwa Stokes yalipata nafasi tele kwa maneno hayo. Aliyewafunza wengine kwamba vyombo vya habari hutafuta picha ya mtu mweusi katili alikuwa amewapelekea picha hiyo mwenyewe, na watoto wa marehemu wa Atlanta hawakuwa na hatia yoyote katika kifo cha Stokes.

Mwaka uliofuata alielekeza ukosoaji wake kwa tukio ambalo karibu dunia nzima ililisifu. Mnamo Agosti 28, 1963, watu wapatao 250,000 waliandamana hadi Washington na Martin Luther King akatoa hotuba yake mashuhuri. Malcolm aliyaita maandamano hayo mzaha. Alidai kwamba hasira ya watu wa mitaani, iliyoyazaa, ilikuwa imetekwa na kupangwa upya na wakubwa hadi ikawa tamasha la kuoneshwa kwenye televisheni.

Wengi walimwona kuwa mwenye wivu tu. Lakini mwaka wa 1964 idara ya propaganda ya Marekani katika nchi za nje, USIA, ilitoa filamu kuhusu maandamano hayo ili ioneshwe ng'ambo kama ushahidi wa uhuru uliopo Marekani. Malalamiko ya watu weusi dhidi ya nchi yao yakawa tangazo la kuisifu nchi hiyo.

Desemba 1963 ilimletea Malcolm msukosuko mkubwa. Rais John F. Kennedy alikuwa ameuawa mnamo Novemba 22. Alipoulizwa maoni yake, Malcolm alijibu kwa methali ya kimashambani iliyomaanisha kwamba Marekani ilikuwa inavuna ghasia ilizopanda. Methali hiyo ilichapishwa kote nchini kama kicheko juu ya maiti. Elijah Muhammad alimpiga marufuku kuzungumza kwa siku 90, na mnamo Machi 8, 1964, Malcolm alitangaza kwamba amejitenga na kundi hilo.

Mwezi uliofuata alikwenda Hija. Huko Makka alikula na kuswali pamoja na Waislamu wa kila rangi, wakiwemo wenye ngozi nyeupe, na akaandika barua akieleza kwamba hawezi tena kumhukumu mtu kwa rangi yake. Alirejea akiwa na jina la El-Hajj Malik El-Shabazz. Lakini sura aliyochorwa mwaka wa 1959 ilikuwa imekwisha kukauka. Kila alipojaribu kueleza alivyobadilika, waandishi walimrudisha kwenye chuki.

Afrika ilimpokea kwa namna nyingine. Nchini Nigeria wanafunzi walimpa jina la Omowale, yaani mwana aliyerudi nyumbani. Julai 1964 alikuwa Cairo wakati wa mkutano wa viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akawasilisha waraka wa kuwaomba waifikishe Marekani mbele ya Umoja wa Mataifa kwa kukiuka haki za binadamu.

Mnamo Oktoba mwaka huo alizuru Afrika Mashariki. Alifika Zanzibar na Dar es Salaam, akakutana na Rais Julius Nyerere na Abdulrahman Babu katika nchi ambayo mwishoni mwa mwezi huo ilipewa jina la Tanzania. Alisafiri katika ndege moja na Kenyatta na Milton Obote kutoka Dar es Salaam hadi Kenya. Jijini Nairobi alikutana na Pio Gama Pinto, mwanahabari na mpigania uhuru aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Pan African Press, wachapishaji wa gazeti la Sauti ya Mwafrika.

Jijini humo pia alikutana kwa sadfa na John Lewis na mwenzake, vijana wa kundi la kutetea haki la SNCC. Vijana hao waliripoti kwamba kila walikopita barani, Waafrika waliwauliza kwanza wana uhusiano gani na Malcolm X. Hilo lilikuwa pigo kwa wasemaji wa serikali ya Marekani waliotumia pesa nyingi kuwashawishi Waafrika kwamba ubaguzi ulikuwa ukifikia kikomo.

Kenya ilikuwa na nafasi ya pekee katika hotuba zake. Wakati wa vita vya Mau Mau, magazeti ya Ulaya na Marekani yalikuwa yamewachora wapiganaji hao kama wanyama wenye kiu ya damu ya wazungu. Hesabu zinasimulia mengine: katika miaka yote ya hali ya hatari waliuawa walowezi wazungu 32, ilhali Waafrika waliouawa walikuwa maelfu, na waliopelekwa kwenye kitanzi na serikali ya kikoloni walikuwa zaidi ya 1,000. Malcolm aliwaambia watu wa Harlem, mnamo Desemba 20, 1964, kwamba watu hao waliotukanwa ndio historia ingewaita wakombozi. Katika mkutano huo waimbaji wa SNCC waliimba wimbo uliobeba jina la Oginga Odinga, uliotungwa baada ya vijana wa kundi lao kukutana naye Atlanta mwaka uliotangulia.

Lakini ni Congo iliyomfanya aonyeshe kwa undani zaidi jinsi hila za habari zinavyofanya kazi. Mashariki mwa nchi hiyo, wapiganaji waliojiita kwa neno la Kiswahili, Simba, walikuwa wameasi serikali ya Moise Tshombe, mtu aliyehusishwa na mauaji ya Patrice Lumumba ya Januari 17, 1961. Waliwashika mateka wazungu mjini Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Kenyatta, akiongoza tume ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu Congo, alikuwa akisimamia mazungumzo jijini Nairobi wakati, mnamo Novemba 24, 1964, ndege za Marekani zilipowadondosha askari wa miavuli wa Ubelgiji mjini humo. Siku hiyo ndiyo Malcolm aliyorejea New York.

Simba hawakuwa malaika. Waliua mateka kadhaa siku hiyo, na kabla ya hapo walikuwa wamewaua Wakongo wengi. Malcolm alijua hilo. Alichowataka wasikilizaji wake watazame ni mizani iliyotumika. Wazungu waliouawa walichapishwa kwa majina na picha, mmoja wao kwenye jalada la jarida la Time. Vijiji vya Wakongo vilivyolipuliwa kutoka angani havikuwa na jina wala idadi.

Alichambua hata msamiati. Magazeti yalieleza kwamba marubani waliodondosha mabomu walikuwa Wakuba wapinzani wa Castro waliofunzwa na Marekani. Maelezo hayo, alisema, yaliwekwa ili msomaji aone kazi ya heshima mahali palipo na mama na watoto wanaouawa. Mamluki walioletwa kupigana kwa ujira wakaitwa waokoaji, naye Tshombe akapewa hadhi ya waziri mkuu halali.

Mwezi wa Disemba alizieleza hoja hizo katika chuo kikuu cha Oxford na katika ukumbi wa Audubon, Harlem, ambako Babu wa Tanzania alikuwa mgeni wake. Alieleza kwamba mbinu iliyotumika Congo ndiyo iliyotumika Harlem. Huko, takwimu za uhalifu zilizotolewa na polisi zilichapishwa kila mara hadi umma ukaamini kwamba kila mkazi ni mhalifu. Baada ya hapo, polisi akimpiga mtu yeyote mweusi, msomaji wa gazeti yuko tayari kumuunga mkono polisi.

Wakati huo wote shirika la upelelezi la FBI lilikuwa likimfuatilia na kunasa simu zake, huku vitisho kutoka kwa wenzake wa zamani vikizidi. Februari 9, 1965, Ufaransa ilimzuia kuingia nchini humo. Siku tano baadaye nyumba yake ilichomwa. Jumapili ya Februari 21, alipoanza kuhutubia katika ukumbi wa Audubon, alimiminiwa risasi mbele ya mkewe na watoto wake. Alikuwa na umri wa miaka 39. Siku tatu baadaye, Pio Gama Pinto aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake jijini Nairobi, akiwa na bintiye mdogo garini.

Magazeti makubwa ya Marekani yalimzika Malcolm kwa dharau. Tahariri ya New York Times ilimweleza kama mtu aliyekuwa na vipawa lakini akavitumia kwa uovu. Kampuni iliyokuwa imekubali kuchapisha wasifu wake, aliouandaa pamoja na Alex Haley, ilivunja mkataba. Barani Afrika, magazeti kadhaa yalimwomboleza kama shujaa, na jambo hilo likamkasirisha Carl Rowan, mkuu wa idara ya USIA na yeye mwenyewe mtu mweusi. Alilalamika kwamba Waafrika wamepotoshwa, na kwamba wanamsifu mtu aliyewahi kuwa mfungwa.

Wasifu ule ulichapishwa mwaka huo huo wa 1965 na kampuni nyingine, ukasomwa na mamilioni. Mnamo 1992 Spike Lee alitengeneza filamu kuhusu maisha yake, na mwaka wa 1999 serikali ya Marekani ikatoa stempu ya posta yenye picha yake.

Lakini kuna habari moja ya mwaka wa 1965 iliyochukua muda mrefu zaidi kusahihishwa. Wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka wa 1966 kwa mauaji hayo. Mmoja wao, aliyekamatwa papo hapo, alikiri na kuapa kwamba wenzake wawili hawakuhusika. Hakusikizwa. Mnamo Novemba 18, 2021, mahakama ya New York iliwaondolea hatia Muhammad Aziz na Khalil Islam, baada ya kubainika kwamba polisi na FBI walikuwa wameficha ushahidi ambao ungewaokoa. Mwaka wa 2022 jiji na jimbo la New York zilikubali kulipa fidia ya dola milioni 36.

Aziz alikuwa na umri wa miaka 83 alipousikia uamuzi huo. Alikuwa ameishi zaidi ya nusu karne akijulikana kama muuaji wa Malcolm X. Khalil Islam alifariki mwaka wa 2009, jina lake likiwa bado halijasafishwa.